Mstari Kati ya Holili na Taveta

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, aliyesoma hapa 1975 hadi 1978, aliyoitoa ukumbini siku ya mkutano wetu wa mwaka. Tunaichapisha kwa idhini yake.)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze nanyi leo, iliniachia mwenyewe kuchagua jambo la kusema. Kwanza nilifikiri nizungumzie nidhamu, maana ndilo jambo ambalo kila mzee anayealikwa hapa hulizungumzia. Kisha nikakumbuka jinsi sisi tulivyokuwa tukisinzia katika ukumbi huu huu wakati wazee wa siku zile walipotuhubiria nidhamu, nikaona si haki niwape vijana adhabu ambayo mimi mwenyewe sikuipenda.

Basi nitazungumza juu ya jambo nilijualo, nalo ni mpaka. Nilizaliwa Holili, wilaya ya Rombo, ambako ukitupa jiwe kwa nguvu laweza kuangukia Kenya. Tangu mwaka 1982 hadi nilipostaafu mwaka 2020 kazi yangu ilikuwa ya mpakani, nikihamishwa kituo hata kituo. Na kuna tendo moja nililolitenda kazini ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Leo nitalisema, kwa kuwa mtu linayemhusu ameketi humu ukumbini, naye amenipa ruhusa. Lakini kabla ya kufika huko sina budi nieleze mpaka wenyewe ulitoka wapi, maana vijana wengi hudhani uliumbwa siku moja na mlima.

MSTARI ULIOCHORWA MEZANI

Kabla ya wageni kuja, wenyeji wa sehemu zetu walikuwa na mipaka yao. Wataveta walikaa katika msitu wao kando ya mto Lumi, Wachaga katika vihamba vyao mlimani, Wapare katika milima yao kusini ya ziwa Jipe, na Wamasai uwandani pamoja na mifugo yao. Mipaka hiyo ilikuwa ya maji, ya malisho na ya ukoo. Watu walipigana kwa ajili yake, kweli, lakini pia walioana na kuuziana ndizi, chumvi na mbuzi. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika Taveta na kununua chakula kabla ya kuendelea bara. Kwa hiyo soko la Taveta ni la kale kuliko mpaka.

Mwaka 1884 Mwingereza mmoja, Harry Johnston, alifika Kilimanjaro, akapata mikataba kwa wazee wa Taveta. Mwaka uliofuata Mjerumani Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, akapata mkataba wake kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara. Karatasi hizo mbili ndizo zilizotugawa. Serikali za Uingereza na Ujerumani zilipokaa kupatana, Taveta ikahesabiwa kuwa ya Waingereza na Uchagani kukawa kwa Wajerumani. Mapatano yalikamilika tarehe 1 Novemba 1886, kisha yakarudiwa katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Wataveta na Wachaga hawakuwapo, wala hawakuulizwa.

Ninyi mnaosoma Jiografia fungueni ramani muutazame. Mstari unaanzia pwani, mlangoni mwa mto Umba, karibu na Vanga. Unapanda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chaga, unauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka tena mpaka ziwa Viktoria, mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini hukutana na ukingo wa mashariki wa ziwa. Zaidi ya kilometa 760 kwa maneno machache ya mkataba! Hayo maneno "katikati ya Taveta na Chaga" yaliandikwa na watu waliokuwa Ulaya. Bibi yangu mzaa baba alilima maharage katika katikati hiyo.

Hapa naomba niisahihishe hadithi moja ambayo hata sisi tulifundishwa: kwamba Malkia Viktoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mstari ukapinda. Hadithi ni tamu, lakini tarehe zinaikataa. Mstari ulipindishwa mwaka 1886, na Wilhelm huyo alitawazwa mwaka 1888. Mlima haukutolewa kama keki. Ulikatwa kwa hesabu ya mikataba, kila mmoja akivuta upande alikokwisha kuweka mguu. Nasema haya kwa sababu hadithi ya zawadi hutufanya tucheke, tukasahau kwamba ilikuwa biashara, na sisi ndio tuliokuwa bidhaa.

Baada ya wino wakaja wapimaji. Tume ya Waingereza na Wajerumani ilianza kupima kutoka pwani mwaka 1892, na nyingine ikapima sehemu ya kati ya ziwa Viktoria na ziwa Jipe kati ya 1904 na 1906. Waliacha alama porini. Sisi watoto tuliokuwa tukichunga mbuzi karibu na mpaka tulizoea kukaa juu ya jiwe moja la alama, mguu huu Tanganyika na mguu huu Kenya, tukiona ni mchezo.

VITA ILIYOPITA KWETU

Mstari huo ulipata damu mapema. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walivuka na kuiteka Taveta katika mwezi huo huo wa Agosti. Waingereza nao wakajenga reli ya kivita kutoka Voi kuelekea Taveta. Mwezi Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakashindwa vibaya. Mwezi Machi walipigana tena katika vilima vya Latema na Reata, wakapenya, wakaingia Moshi. Makaburi ya askari yapo Taveta hadi leo, na yanatunzwa vizuri.

Lakini wapagazi waliobeba chakula na risasi, ambao walikufa kwa maelfu kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa, wengi wao hawana hata jiwe. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, majina yaliyotokana na jeshi la wapagazi. Mtu ananunua nyanya Kariakoo bila kujua kwamba anatamka jina la babu yake.

SIKU MPAKA ULIPOKUWA MWEPESI

Baada ya vita hiyo Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, na mstari wetu ukabaki kwenye ramani ukiwa mwepesi kwenye miguu. Reli ya vita ikaungana na ile iliyotoka Tanga, gari moshi likawa linakwenda Voi kupitia Taveta. Shilingi ilikuwa moja, stempu za barua zilikuwa za pamoja. Uhuru ulipopatikana, Tanganyika 1961 na Kenya 1963, viongozi wa Afrika walikutana Cairo mwezi Julai 1964 na kuamua kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Pendekezo hilo lilitolewa na Mwalimu Nyerere. Wengine humlaumu. Mimi niliyefanya kazi mpakani simlaumu, kwa maana mstari ule ungeanza kuvutwa upya, kila kilima kingekuwa Salaita. Shabaha yake ilikuwa mistari ibaki mahali pake na nchi ziungane juu yake.

Kwa muda ilielekea kuwa hivyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967, makao makuu yakawa Arusha. Reli, bandari, posta na ndege vikawa vya pamoja. Nyumbani kwetu, siku za soko, akina mama walikuwa wakitoka alfajiri na mikungu na vikapu kichwani kwenda Taveta na kurudi jioni, na hakuna aliyesema amekwenda ng'ambo. Walisema tu, "Nimekwenda sokoni."

FEBRUARI 1977

Nilikuwa kidato cha tatu. Kitanda changu kilikuwa cha juu, na kitanda cha chini alilala kijana ambaye jina sitalitaja, kama tulivyopatana. Baba yake alikuwa mtu wa Taveta, mama yake mzaliwa wa Holili. Alikuwa amelelewa na bibi yake mzaa mama upande wetu, akasoma shule ya msingi kwetu, kisha tukaja hapa pamoja. Likizo alikuwa akigawa: wiki mbili kwa bibi, wiki mbili kwa wazazi Taveta. Nasi tulimpenda kwa moyo mmoja, hasa kwa kuwa mama yake alimletea sabuni ya kunukia na mikate, na hakuwa mchoyo.

Mwanzoni mwa Februari 1977, siku zile zile Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa, tulisikia redioni kwamba mpaka umefungwa. Jumuiya ilikuwa imekwisha kuugua muda mrefu. Nchi zilikuwa zikibishana juu ya fedha za reli na bandari, shirika la ndege la pamoja lilikuwa limevunjika kwa madeni, Kenya ikaanzisha lake, na siasa za nchi hizi mbili zilikuwa zimekwisha kuachana njia. Sisi bwenini tulipiga makofi. Naomba radhi kwa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa vijana, tuliona taifa limeonyesha uthabiti. Mwenzetu hakupiga makofi. Alikaa kitandani, akauliza, "Sasa likizo nitakwenda wapi?"

Likizo ile alikwenda kwa bibi peke yake. Ada yake ililipwa na mjomba. Mikate na sabuni vikakoma. Barua kutoka Taveta, mji ambao mtu huuona kutoka Holili kwa macho, zilimfikia baada ya wiki nyingi, nyingine hazikufika. Gari moshi la Voi halikuja tena. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978 bila kumwona mama yake.

USIKU MMOJA WA MWAKA 1983

Mwaka 1982 niliajiriwa, nikapelekwa kituo kimoja cha mpakani. Wazee wanaikumbuka hali ya wakati ule. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha lakini hazina imekauka. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga vilikuwa adimu. Watu walipanga foleni tangu usiku kwenye duka la kijiji, na mara nyingi foleni iliishia kwenye rafu tupu. Ng'ambo vitu vilikuwapo. Kwa hiyo njia za panya zilikuwa na watu kuliko barabara. Mahindi, maharage na kahawa vilikwenda upande ule. Sabuni na khanga zilikuja upande huu. Mwaka 1983 serikali ikaanza kampeni kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Kazini tuliambiwa kwamba atakayelegea naye atahesabiwa mhujumu.

Usiku mmoja wa mwezi Agosti tulikuwa doria, mimi na mgambo wawili. Kiasi cha saa saba tukasikia majani. Tukamulika kurunzi, tukakuta wanawake watatu. Wawili walikuwa na sabuni na mafuta ya kupikia. Wa tatu, mtu mzima, alikuwa na fungu dogo tu, ndani yake khanga mbili mpya. Akanishika mkono akasema, "Baba, mimi sina biashara. Mama yangu amekufa, anazikwa kesho. Nataka nimtie udongo."

Ndugu zangu, maneno hayo tulikuwa tumeyasikia mara nyingi. Wafanya magendo walikuwa na misiba kila juma. Nilimmulika usoni. Nilimwona analia, lakini nilikuwa nimekwisha kuwaona wengi wakilia. Na wale mgambo walikuwa wakinitazama. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 23, na hofu yangu kubwa ilikuwa kusemwa kwamba nimemwachia mtu. Nikamwambia, "Mama, sheria ni sheria. Rudi ulikotoka." Nikachukua na zile khanga, kwa kuwa ni bidhaa. Akasimama kidogo kama mtu anayesubiri neno jingine. Halafu akageuka.

Sikufikiri tena habari ile. Niliandika ripoti, nikaweka khanga mbili kwenye orodha ya vitu vilivyokamatwa, nikatia sahihi.

Mwezi Novemba 1983 marais wa nchi tatu walikutana Arusha, wakakubaliana kugawana mali na madeni ya Jumuiya, kazi iliyosuluhishwa kwa miaka kadhaa na Mswisi Victor Umbricht, na mpaka ukafunguliwa. Siku zile kituoni kwetu zilikuwa kama sikukuu. Watu walipita wakiwa na ngoma, na chupa za mbege, na watoto ambao hawajapata kuonwa na bibi zao.

Katika umati huo alikuja mwenzangu wa kitanda cha chini. Tulikumbatiana. Alikuwa ametoka Dar es Salaam alikofanya kazi. Akasema, "Nimekuja kumpokea mama. Bibi alifariki mwezi wa nane. Tulimsubiri mama mpaka jua likazama, kaburi likiwa wazi, hakufika. Leo anakuja kutia udongo." Alipokuwa akisema hivyo mama yake akafika mbele ya meza yangu na karatasi yake mkononi.

Nilimtambua, naye alinitambua. Nadhani alinitambua kwa sauti. Hakusema lolote kwa mwanawe. Alinipa karatasi, nikapiga muhuri, na mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Mwanangu, leo nipite?"

Nikasema, "Pita, mama."

Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima. Mwishowe nilikwenda Taveta, siku ya soko, na khanga mbili mikononi. Si zile, zile zilikwisha kupelekwa zinakopelekwa. Nikamweleza mbele ya mwanawe. Mwenzangu alitoka nje, akakaa huko kama saa nzima. Mama akaniambia kwamba wenzake usiku ule walimtukana kwa kunibembeleza, wakasema askari hana mama. Yeye akawajibu kwamba kila mtu ana mama, ila usiku humwoni. Akazipokea khanga. Akanipikia chakula nikala. Amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema. Aliyeketi pale mstari wa pili ni mwanawe, na ninyi mliokuwa bweni letu mnamjua.

MPAKA WA LEO

Yako mengi yaliyobadilika, na ni wajibu kuyataja kwa haki. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja 2010. Holili na Taveta wamepata Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, na Namanga kikafunguliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta mwezi Desemba 2018. Utaratibu wake ni huu: anayetoka Tanzania hasimami Holili, anakwenda moja kwa moja upande wa Taveta, ambako anakuta maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Mmoja anamtoa, mwingine anamwingiza. Anayetoka Kenya anafanyiwa vivyo hivyo upande wetu. Zamani lori lilisimama mara mbili, na kila aliposimama dereva alifungua mfuko.

Barabara ya Voi hadi Taveta sasa ni ya lami. Siku za soko utaona vitunguu, maharage na mahindi yetu yakienda, na ndizi za Taveta na bidhaa za viwanda vya Kenya zikija. Bodaboda wanapigiwa simu kutoka pande zote, na wachuuzi wanahesabu shilingi za nchi mbili kwa wepesi unaotushinda sisi tuliosoma Hesabu humu.

Lakini msidhani mkataba ukishatiwa sahihi mambo hujiendea yenyewe. Mwaka 2017 nchi yetu ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimasai waliovuka kutoka Kenya, wakapigwa mnada, na vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga vikachomwa moto. Sheria ilikuwapo, na hofu ya magonjwa ilitajwa. Lakini Mmasai hakuuona mstari ulipochorwa, na ng'ombe hufuata nyasi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga mpaka kwa abiria, na madereva wa malori wakakaa siku nyingi barabarani wakingoja vipimo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu ya kuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Nimestaafu nimeona hivi: mpaka hufungika kwa siku moja, bali kuufungua huchukua miaka.

Na mstari wenyewe bado unakatiza maisha. Ziwa Chala, lile la shimo la volkano, limegawanywa. Ziwa Jipe ni letu na lao, na matete yanayolifunika hayajui uraia. Wavuvi wa kila upande huwalaumu wa upande wa pili. Maji hayo hayataokolewa na nchi moja.

NENO KWA VIJANA

Nakaribia mwisho, nanyi mmevumilia. Kwenu vijana nina mambo matatu.

La kwanza ni la faida. Wengi wenu mtafanya biashara. Jueni haki zenu. Bidhaa zilizozalishwa katika Afrika Mashariki, zikiwa hazizidi thamani ya dola 2,000, zina cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hutolewa pale pale mpakani. Akina mama wengi hawajui, wanapita njia ya panya na kulipa zaidi kwa vijana wa kuvusha mizigo, na wakikamatwa wanapoteza mtaji. Mwambie mama yako. Mwambie na shangazi yako.

La pili ni la ofisi. Baadhi yenu mtakaa kwenye meza kama niliyokaa mimi, mtakuwa na muhuri. Baada ya mwaka 1983 nilijiwekea desturi moja, nikaishika mpaka nilipostaafu. Kabla ya kumwuliza mtu, "Umebeba nini?" nilimwuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nilidanganywa mara nyingi, sikatai. Lakini anayedanganya hupaparika anapotaja majina, na anayesema kweli hukutajia ukoo mzima mpaka umwombe anyamaze. Na sheria, nikija kuisoma vizuri, haikunikataza kuuliza. Usiku ule sikuzuiwa na sheria. Nilizuiwa na macho ya wale mgambo wawili. Mstari waliuchora wengine mezani, sawa, lakini usiku ule uzito wake niliutia mimi.

La tatu ni ombi kwa Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mkuu wa Shule. Timu ya mpira ya shule hii husafiri mbali kutafuta wapinzani, na Taveta iko chini ya saa moja kutoka Moshi kwa gari. Naomba kila mwaka timu yetu ivuke, na ya kule ije, na pamoja na mpira yawepo mashindano ya kusema. Naomba pia vijana wa kidato cha tatu, wakati wa likizo, wawaulize wazee wao habari za miaka ile ya kati ya 1977 na 1983, waandike, maandiko yawekwe maktaba. Waliokumbuka soko la zamani wanakwisha, na mimi nisingependa hadithi ya mpaka wetu ibaki ile ya Malkia na keki yake.

Mwenzangu wa kitanda cha chini ameahidi kununua mpira wa kwanza. Mimi nitalipa nauli ya basi. Karatasi za kuvukia zifuatilieni mapema, kila mtu na hati yake mkononi, maana maofisa wa siku hizi ni wakali, niliwafundisha mwenyewe.